TAHADHARI: Vali za VVT-i zinazouzwa kama mpya, kumbe ni kuukuu zilizooshwa

Wenye IST, Vitz, Probox, Spacio, Wish, Premio, Allion na Toyota nyingine zenye maandishi ya VVT-i juu ya injini, someni hili kabla hamjatoa hela. Kuna mchezo umeshamiri kwenye maduka ya spea na kwa wauzaji wa mtandaoni. Vali ya oili ya VVT-i (mfumo unaobadilisha muda wa vali za injini kufunguka), ile ambayo mafundi huiita OCV, inachomolewa kwenye injini iliyokufa, inaoshwa kwa petroli, inavishwa oringi mpya, inatiwa kwenye boksi lenye chapa na kuuzwa kwa bei ya kitu kipya. Mara nyingi anayekutuma ukainunue ni fundi ambaye hajapima chochote na ana fungu lake kwa muuzaji. Unalipa, taa ya injini inafutwa kwa mashine, na wiki haiishi inawaka tena. Hapo unaambiwa tatizo ni gia ya kamshafti, mhimili unaofungua vali za injini, na ukishalipa gia unaambiwa ni injini nzima.

Ili usiliwe, kijue kitu chenyewe. Gia ya mbele ya kamshafti ya vali za hewa ina vyumba ndani, na ndani ya vyumba hivyo kuna mapanga. Oili ikisukuma upande mmoja, kamshafti inatangulia na vali za hewa zinafunguka mapema. Ikisukuma upande wa pili, kamshafti inarudi nyuma. Kwenye 1NZ-FE, injini ya 1.5 iliyojaa barabarani kwetu, mwendo huo ni kama nyuzi 40 za krenkshafti, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. OCV ndiyo inayoamua oili iende upande gani. Kompyuta ya gari inaipelekea umeme wa kukatakata kwa kufuata sensa ya kamshafti, sensa ya krenkshafti, hewa inayoingia na joto la maji. Umeme ukikosekana kabisa, springi iliyo ndani ya OCV inairudisha upande wa kuchelewesha.

Kwa hiyo OCV hufa kwa namna mbili zisizofanana. Ikifa kwa umeme au ikikwama upande wa kuchelewesha, gari linawaka vizuri na linatulia kwenye sailensi, yaani likiunguruma bila kukanyagwa mafuta, lakini halina nguvu kuanzia chini na mafuta yanakwenda zaidi. Ikikwama upande wa kutanguliza, vali za hewa zinafunguka wakati za moshi hazijafunga sawasawa, moshi unarudi ndani, na gari linatetemeka sailensi au linazima ukisimama kwenye taa za barabarani. Fundi anayesema "VVT-i imekufa" bila kukueleza ni ipi kati ya hizi mbili hajakupimia gari.

Mwambie akuonyeshe namba ya kosa kwenye mashine, na uiandike kabla hajaifuta. P0010 ni saketi ya umeme ya OCV: waya, soketi au koili iliyo ndani ya vali. Toyota za zamani kidogo hutoa P1656 kwa tatizo hilohilo. P0011 ni kamshafti kutangulia kupita kiasi, P0012 ni kuchelewa kupita kiasi, na P1349 kwenye injini za mwanzoni ni mfumo wote kutofuata amri. P0016 ni kamshafti na krenkshafti kutopatana, na hapo cheni ya taimingi iliyolegea au kufungwa kwa kuruka jino hutazamwa kabla ya OCV. Ukiuziwa OCV kwa P0016 bila cheni kuguswa, umeuziwa matumaini.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache na hakihitaji mashine ya bei mbaya. Anza na kijiti cha oili. Mfumo huu unaendeshwa na shinikizo la oili, kwa hiyo oili ikiwa chini ya alama, au nzito na nyeusi kama lami, namba hizo zitatoka hata OCV ikiwa nzima kabisa. Kisha chomoa soketi ya OCV injini ikiwa ya baridi na upime kwa mita kati ya pini mbili za vali. Kwenye 1NZ-FE na 1ZZ-FE, injini ya 1.8, inatakiwa isome omu 6.9 hadi 7.9 kwa joto la nyuzi 20. Kwa joto la Dar au Mombasa itapanda kidogo, usishtuke. Ikisoma sifuri au isipokuwa na njia kabisa, koili imekufa, na hapo kununua nyingine ni haki.

Koili ikiwa nzima, washa injini ipate joto, iache sailensi, soketi ikiwa bado imechomolewa, kisha ipe vali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa nyaya mbili. Sekunde chache zinatosha, ukikaa nao inachemka. Gari likianza kutetemeka au likazima, OCV inafanya kazi, njia za oili ziko wazi na gia inazunguka. Usinunue OCV wala gia. Tatizo litafutwe kwenye waya, sensa au cheni. Ukiweka umeme na injini isibadilike hata kidogo, ndipo vali itolewe. Inashikwa na bolti moja ya spana namba 10. Ukiipa umeme mezani unatakiwa uone pini ya ndani inaruka na kurudi. Ikiruka safi, basi angalia kichujio kidogo cha wavu cha OCV kwenye silinda hedi, nyuma ya bolti yake. Watu wengi hawajui kuwa kipo, na kikiziba kwa uchafu wa oili dalili zake ni zilezile za OCV mbovu. Kinasafishwa kwa dawa ya kabureta na kurudishwa pamoja na washa yake, ile pete ya kuzibia.

Sasa tufike dukani. Namba ya spea kwa 1NZ-FE ni 15330-21011, kwa 1ZZ-FE ni 15330-22030. Nenda na namba ya chesisi muuzaji ahakikishe, kwa sababu zinafanana kwa macho. Injini zenye vali mbili, kama 2ZR-FE ya Premio na Allion za 1.8 za kuanzia 2007, zina OCV ya upande wa hewa na ya upande wa moshi, na wapo wanaouza yoyote iliyo karibu. Boksi halithibitishi chochote, mabokisi yanachapwa. Itoe vali yenyewe na uiangalie kwenye mwanga. Sikio la bolti, kile kipande cha chuma chenye tundu la bolti, ndilo linalowaumbua zaidi: vali iliyowahi kufungwa ina alama ya duara pale kichwa cha bolti kilipobana, na petroli haiiondoi. Angalia pini ndani ya soketi kama zina mikwaruzo, na ulimi wa plastiki kama umechubuka. Tazama pia kwenye matundu ya oili: rangi ya kahawia iliyoganda kwenye chuma ni oili iliyoungua. Oringi mpya inayong'aa juu ya chuma chenye rangi hiyo ni jibu tosha.

Feki za kiwandani ni ngumu zaidi kuzitambua, kwa kuwa kweli ni mpya. Hapo dai mita na betri papo hapo. Omu zikiwa mbali na kiwango, rudisha. Sukuma pini ya ndani kwa kijiti cha mbao. Inatakiwa iteleze na kurudi yenyewe bila kukwaruza. Feki nyingine hupita vipimo vyote zikiwa baridi na kukwama zikipata joto, ndiyo maana risiti yenye namba ya spea na siku za kurudisha ina thamani kuliko punguzo la bei. Muuzaji wa mtandaoni anayekataa kukutumia picha ya sikio la bolti na video ya kipimo, huku akitaka hela yote itangulie kwa simu, achana naye. Kununua iliyotumika si kosa, ila iuzwe kama iliyotumika na kwa bei hiyo.

Gereji nako kuna mambo mawili. La kwanza, ya kwako kuchukuliwa. OCV ya asili iliyokwama kwa uchafu mara nyingi inafufuka kwa kusafishwa, na kuna anayekufungia mbovu huku yako nzuri ikienda kuuzwa. Iwekee alama ya rangi kabla na udai spea yako ya zamani mkononi. La pili, taa kuuawa. Washa swichi bila kuwasha injini: taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishawaka. Isipowaka kabisa kwenye swichi, balbu imetolewa au imezibwa, na ulicholipia ni giza.

Ukiambiwa gia imekufa, ujue nayo ina kipimo. Kamshafti ikiwa wazi, njia za oili zinapelekewa upepo wa baa 1.5 na gia inatakiwa ifunguke pini yake ya kufungia na kuzunguka kwa mkono kwenda mbele na nyuma bila kukwama. Fundi anayefungua bolti nne za uso wa gia ili "aisafishe ndani" mzuieni, hizo haziguswi.

Mara nyingi mzizi wa yote ni oili. 1NZ-FE inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na imetengenezewa oili nyepesi kama 5W-30. Ukijaza 20W-50, au oili ya kupimiwa kwenye dumu isiyojulikana asili, hata OCV halisi itakwama.

Aliyekwisha uziwa kuukuu kama mpya asiitupe. Aitunze na boksi na risiti, apige picha sikio la bolti na pini, kisha arudi dukani akiwa na shahidi. Wakikataa, Tanzania mlango ni Tume ya Ushindani, FCC, inayoshughulikia bidhaa bandia; Kenya ni mamlaka ya kupambana na bidhaa ghushi, ACA. Nendeni na spea yenyewe, msiende na maneno matupu.