Hilux 2.4 ya dizeli kwa kuvuta tela na kwa matumizi ya kila siku Lubumbashi: uzoefu wangu

Kazi yangu ni kukodisha jenereta hapa Lubumbashi. Umeme wa SNEL, shirika la umeme la Kongo, ukikatika, mwenye harusi Kampemba au mwenye matanga Katuba ananipigia simu, nami napeleka jenereta ikiwa juu ya tela. Gari hilohilo asubuhi linapeleka watoto shule, na Jumapili linatupeleka misa. Sina uwezo wa kuweka magari mawili, na najua wengi wanaotafuta pikapu wako hivyo hivyo: gari moja, kazi mbili zisizopatana sana. Ninaendesha Toyota Hilux ya kabini mbili, dizeli lita 2.4, gia za mkono, ya kizazi kile kilichoanza mwaka 2015. Naipendekeza kwa moyo wote, ila sababu zangu haziko kwenye nguvu za injini, ambazo ndizo wauzaji hupenda kuanza nazo.

Mtu anayevuta tela aanze na breki. Jenereta ya kVA 30 (kVA ni kipimo cha ukubwa wa jenereta) iliyofungwa kwenye boksi lake la kupunguza kelele, ukiongeza mafuta na tela lenyewe, inakaribia tani moja na nusu. Soma kitabu cha karibu pikapu yoyote: tela lisilo na breki zake linaruhusiwa kilo 750 tu. Zile tani 3.2 au 3.5 zinazotangazwa kwa Hilux hii (hutegemea mwaka na nchi ilikouzwa) ni za tela lenye breki. Sasa angalia matela mengi yanayochomelewa mjini kwetu kwa ekseli ya gari kuukuu: hayana breki hata moja. Tela langu la kwanza lilitoka karakana ya namna hiyo. Siku moja ya mvua, kwenye mteremko wa barabara ya Likasi, lori la mbele lililobeba shaba lilipunguza mwendo, nikakanyaga breki, na tela likaendelea kunisukuma kwa nyuma kama vile sijakanyaga kitu. Nilisimama karibu sana na shaba ya watu. Tela ninalotumia leo lina breki za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, tela linasogea mbele, linabana kichwa cha kuunganishia, na kichwa hicho kinavuta waya wa breki za magurudumu yake. Halina umeme wala kompyuta, na fundi yeyote analielewa. Kama bajeti yako inatosha pikapu nzuri na tela baya, nunua pikapu ya chini kidogo, pesa inayobaki iende kwenye tela.

Jambo la pili ambalo watu hulipita ni uzito unaokaa juu ya goroli ya chuma, ile ya milimita 50 unapofungia tela. Ukiwa mdogo mno, tela linaanza kucheza kushoto na kulia likipitwa na malori ya migodi, na mchezo huo ukishika kasi hauuzuii kwa usukani. Ukiwa mkubwa mno, pikapu inakaa kitako, magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi na taa zinamulika juu ya miti. Nalenga kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa tela, bila kuvuka kikomo kilichoandikwa kwenye chuma cha kuvutia. Kuupima si shida. Niliomba mizani ya magunia kwa muuza unga wa soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, tukaweka gogo juu yake, tukateremsha mkono wa tela juu ya gogo, tukasoma. Ilisoma kidogo mno kwa sababu tangi la mafuta la jenereta liko upande wa nyuma. Tulisukuma jenereta mbele kwa upana wa kiganja, tukafunga upya, tukasoma tena, ikakaa sawa. Kijana wa tela alichora alama ya rangi nyeupe kwenye sakafu, na jenereta ile haiwekwi kwingine.

Kuhusu injini nitasema machache. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hii 2.4 ina turbo, inatoa nguvu za farasi 150 na msokoto wa Nm 400 kwenye gia sita, na msokoto huo unaanza kwenye mizunguko 1,600 tu kwa dakika. Kwa mvutaji hapo ndipo palipo na raha, maana unaondoka na mzigo bila kuichosha klachi. Pia inaendesha taimingi kwa mnyororo, kwa hiyo hakuna mkanda wa kubadilisha. Tangi ni la lita 80, nafika nalo Kolwezi nikivuta tela bila kuongeza mafuta. Mazuti, yaani dizeli, ya kwenye madumu nakataa hata yakiwa ya bei ya chini, kwa sababu nozo za kisasa haziwezani na maji wala mchanga. Chini ya kichujio cha mafuta kuna skrubu ya kutolea maji. Ilegezwe mara kwa mara, usingoje taa iwake.

Kama unaagiza kutoka nje, uliza pia kuhusu kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Ulaya yanacho, na kinajisafisha kwa moto wa safari ndefu. Ukizunguka tu kutoka Kamalondo hadi mjini kila siku, kinaziba.

Usukani nao uuchunguze. Kwetu tunaendesha upande wa kulia wa barabara, lakini pikapu nyingi zinazopitia mpaka wa Kasumbalesa zimetoka nchi za usukani wa kulia, na bei yake inavutia. Kwa kuzunguka mtaani mtu anazoea. Kwa kuvuta tela kwenye barabara ya Kolwezi nyuma ya lori lenye shehena, mimi siwezi kumshauri mtu. Ili uone mbele inabidi utoe nusu ya gari kwenye njia ya wanaokuja, na ukiwa na tela nyuma huna mbio za kurudi haraka. Nilingoja nipate ya usukani wa kushoto, na kungoja huko kulilipa.

Siku ya kununua, fundi wangu alimwomba muuzaji asiwashe gari kabla hatujafika. Tulifika alfajiri, akaweka kiganja kwenye boneti kuhakikisha ni baridi kweli, ndipo akaruhusu ufunguo uzungushwe. Injini ikiwa inanguruma akafungua kifuniko cha oili, akakigeuza na kukiweka tu juu ya tundu lake. Kikirukaruka na moshi ukatoka kwa mpigo, ringi za pistoni zimechoka. Kilitulia. Kisha akatandika katoni chini, akaingia na nyundo ndogo, akaanza kugonga chasisi pale springi za nyuma zinaposhikia. Pikapu tuliyoiona kabla ya hii ilikuwa inang'aa na rejeta mpya, lakini chini aliniita: “Mama, njoo uone hapa.” Rangi nyeusi mbichi, na chini ya rangi mstari wa kuchomelea uliovimba. Chasisi iliyokatika pale imebeba kupita kiasi maisha yake yote, na ndipo mzigo wa tela unapoegemea. Tuliondoka bila kuuliza bei.

Kwa maisha ya kila siku gari hili linahitaji uvumilivu. Nyuma kuna springi za vyuma bapa, kwa hiyo likiwa tupu linarusha kwenye mashimo, na watoto wa kiti cha nyuma hulalamika. Kupunguza upepo wa matairi ya nyuma wakati hakuna mzigo kunasaidia, mradi ukumbuke kuujaza kabla ya kufunga tela. Urefu wake wa mita 5.3 hivi ni taabu ukitafuta pa kuegesha mjini. Kwa upande mwingine, zile gia za chini za magurudumu manne, ambazo watu hufikiri ni za porini, mimi nazitumia mjini: kurudisha tela kinyumenyume ndani ya lupango, yaani ua wa nyumba, lenye mchanga na geti jembamba, polepole, bila harufu ya klachi. Kwenye lami kavu naziacha, maana zinabana mitambo. Vipuri sina wasiwasi navyo. Likasi siku ya Jumapili bado utapata pedi za breki na fundi anayelijua gari hili kwa kulishika gizani.

Wapo watakaosema ningechukua Land Cruiser 79, nami naiheshimu sana. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2, silinda sita bila turbo, ni rahisi kutengeneza popote, inavumilia mafuta mabaya kuliko yangu, na gari linaruhusiwa kuvuta tani 3.5. Kama jenereta zako ni za kVA 100 na gari lako haliendi shule wala misa, chukua hiyo. Ila kumbuka kwamba 1HZ, tofauti na 2.4 hii, inatumia mkanda wa taimingi. Muulize muuzaji ulibadilishwa kwenye kilomita ngapi, na asipokuwa na jibu, toa bei ya mkanda mpya na kazi ya fundi kwenye ile anayotaka.