Training ya usalama wa kanisa hapa Kisumu, nawapa nyota 4 kwa 5

Watu wa Kisumu, kama kanisa ama msikiti wenu uko na kamati, tafadhali mwende hii training. Sisi tulienda wanne kutoka Manyatta, pasta, wazee wawili na mimi mweka hazina, 2,500 kila mtu na lunch ndani.

Mifano mingi ilikuwa ya masinagogi juu Wayahudi wameshambuliwa wakiomba mara nyingi hadi wakalazimika kujipanga. Ile ya Colleyville, Texas, Januari 2022 ilinikaa roho. Mgeni amebisha asubuhi ya baridi, rabi akamfungulia akampikia chai, kumbe ako na bunduki, akawashika mateka karibu masaa 11. Mwishowe rabi akamrushia kiti wakatoka mbio, na baadaye akasema ni mafunzo ya usalama yalimsaidia. Ukumbi ulinyamaza kabisa, juu ni nani kati yetu angemnyima mgeni chai? Na hawakutuambia tufukuze wageni, walisema mkaribishaji asikae peke yake mlangoni, amsalimie mtu vizuri, amuulize katoka wapi na aangalie mikono yake.

Halafu Halle, Ujerumani, Oktoba 2019, watu kama 50 ndani ya sinagogi siku ya Yom Kippur, siku takatifu ya Wayahudi, jamaa akapiga mlango risasi ukakataa kufunguka. Aliua watu wawili nje, Mungu awarehemu, lakini ndani hakuingia.

Sasa pesa, na hapa ndio nilijifunza zaidi. Marekani kuna Nonprofit Security Grant Program, pesa za serikali za kusaidia usalama, chini ya FEMA, shirika lao la majanga, sinagogi, kanisa na msikiti zote zinaomba, lakini lazima kwanza jengo likaguliwe, udhaifu uandikwe, kila kifaa kionyeshe kinaziba shimo gani na ni bei gani, na kwa kawaida unatumia zako kwanza ndio unarudishiwa. Huku hatuna kitu kama hio, lakini karatasi kama hio, ya udhaifu na bei, ndio tulibeba kwa harambee na watu walitoa haraka kuliko venye nimewahi kuona, maana walijua shilingi yao inaenda wapi.

Tulikuwa tumeng'ang'ania kamera nane. Mwalimu alikuja kanisani Jumamosi, akavuta mlango wa upande, haukusonga, umefungwa na waya na benchi tatu zimeegemea, kofuli ya mlango wa nyuma ufunguo uko kwa mzee anayeishi Mamboleo. Akauliza moto ukishika na watoto wa Sunday school wako ndani, wanatokea wapi? Hakuna aliyejibu. Fundi wa Kibuye akageuza ule mlango ufunguke nje, akaweka komeo ya ndani, 14,000 yote. Kamera zimebaki mbili, na kabla tuongeze askari wa Jumapili tutamuuliza kwanza kama amesajiliwa na PSRA, mamlaka ya serikali inayosimamia walinzi wa kibinafsi.

Nyota moja nimetoa kwa sababu walisema saa mbili wakaanza karibu saa nne, na makaratasi yote ni Kizungu wakati mama zetu wa mlangoni wanasoma Kiswahili na Dholuo, mimi mwenyewe nimekaa usiku mbili nikiwatafsiria. Hio warekebishe, juu hao mama ndio wanakutana na mtu wa kwanza.

Wanarudi mwezi ujao kuangalia kama zile benchi zimetoka. Zimetoka.