Darasa la matamshi ya Kipolandi, Ochota: kwa wanaokwama kwenye maneno marefu

Kama unaishi Warszawa na Kipolandi chako kinakata pumzi kila ukikutana na neno refu, darasa hili la jioni nalipendekeza bila kusita. Somo la saa nzima ni zloti 70, wanafunzi hatuzidi sita, na kazi ni moja: kukata silabi na kuweka mkazo panapostahili.

Mimi nauza mikate, kwa hiyo pięćdziesięciogroszówka, sarafu ya groszi 50, naitaja kutwa. Sisi Waswahili tumezoea kila irabu ina silabi yake, na ukihesabu hivyo hapo unapata silabi 11. Mwalimu anaanzia papo hapo. Anaandika ubaoni: pięć-dzie-się-cio-gro-szów-ka. Saba tu! Ile i iliyobanwa kati ya konsonanti na irabu haijitegemei, kazi yake ni kuilainisha konsonanti iliyoitangulia. Ukilishika hilo, neno zima linafunguka. Mkazo mkuu unaangukia szów, silabi ya pili kutoka mwisho kama kwetu, na mwingine mwepesi unakaa mwanzoni, kwenye pięć. Mwalimu anagonga meza, pigo dogo kisha kubwa, nasi tunafuata mpaka ulimi uzoee. Wenzetu kutoka Ukraina wanahangaika zaidi hapo, maana kwao mkazo huhamahama. Sisi masikio yetu yameshazoea tangu utotoni.

Kilichonifanya nimheshimu sana mwalimu huyu ni kwamba hafichi maneno yanayokaidi kanuni. Uniwersytet inasisitizwa kwenye wer, ya tatu kutoka mwisho, lakini ukisema uniwersytetu mkazo unarudi kwenye te. Czterysta, yaani 400, inasisitizwa mwanzoni kabisa. Kwa sisi wa dukani tunaotaja bei, jambo hilo lina faida ya moja kwa moja: mteja anasikia mara ya kwanza, hakuna kurudia.

Kasoro ipo. Karatasi anazogawa ni fotokopi zilizofifia, alama za juu ya herufi hazionekani vizuri, na hakuna sauti ya kwenda nayo nyumbani. Nilimwomba nimrekodi kwa simu, akakubali palepale. Nawe omba.

Anayeanza kabisa asubiri kwanza, maana alfabeti haifundishwi hapa. Malipo ni taslimu, kabla ya somo.