Rangi ya maji au rangi ya mafuta kwa ukungu wa Newala

Anayesimama alfajiri kwenye ukingo wa Uwanda wa Makonde, pale Newala kusini mwa Tanzania, huona ukungu umelala katika bonde la Ruvuma na miinuko ya mbali ikififia kuwa samawati, kwa sababu hewa hutawanya zaidi mwanga wa buluu kuliko mwekundu. Mchoraji akikosa kufifia huko, picha yake hukosa kina.

Rangi ya maji hulifikia jambo hilo kwa njia fupi: karatasi ikishalowa, brashi huigusa mara moja tu, ukingo wa kilima ukayeyuka wenyewe, na weupe wa karatasi ukawa ndio ukungu. Guo Xi wa China, aliyechora kwa wino juu ya hariri mwaka 1072, naye aliacha nafasi kati ya miamba zisimame badala ya mvuke. Tatizo ni jua letu, kwani ifikapo saa nne karatasi hukauka kabla mkono haujamaliza, na mstari mkali uliobaki haufutiki kwa urahisi.

Rangi ya mafuta hukawia siku kadhaa kukauka, hivyo humruhusu mchoraji kulainisha, kusubiri, kisha kupaka utando mwembamba unaopitisha mwanga. Uzito wake hufaa mawingu ya mvua ya Januari, ingawa harufu ya tapentaini, kimiminika cha kuizimua rangi hiyo, si ya kila nyumba.

Kwa alfajiri, mimi huchukua rangi ya maji, na huanza kabla jua halijachomoza.