Vidonge vitamu vya pumu ya ngozi

Mwanangu wa miaka 6 ana pumu ya ngozi, inarudi kila joto la Januari linapopamba moto: mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti. Nikampeleka kliniki moja ya homeopathi, tiba ya dawa zilizozimuliwa mno, hapa Dar. Mama wa pale alitusikiliza karibu saa nzima, na kwa hilo namshukuru. Akatupa Sulphur (salfa) 30C, vidonge vyeupe kama punje za mtama, vitamu maana ni sukari tupu. 30C ni dawa iliyozimuliwa moja kwa mia, ikarudiwa mara 30, haibaki kitu. Akasema tuache krimu ya daktari. Wiki tatu mtoto alijikuna usiku hadi shuka likawa na damu. Tumerudia ile krimu ya daktari, haidrokotisoni, na mafuta ya mgando mwili ukiwa bado mbichi baada ya kuoga. Sasa analala. Kliniki ile sirudi.