StarUML: kutoka programu huria hadi ya kulipia, na michoro yangu katikati

StarUML niliipata kwa flashi mwaka 2009. Nilikuwa chuo, mwaka wa mwisho, na mradi wangu ulikuwa mfumo wa kutunza hesabu za duka la dawa. Msimamizi alitaka michoro ya UML, yaani ile ya kuonyesha sehemu za programu na zinavyohusiana, iliyochorwa kwa kompyuta, na programu za kulipia za kazi hiyo zilikuwa na bei isiyogusika kwa mwanafunzi. Hii ilikuwa bure, nyepesi, na ilifunguka upesi hata kwenye kompyuta yangu iliyochoka. Niliipenda siku ileile, na bado naipenda. Ninayoyaeleza hapa ni mambo niliyochelewa kuyaelewa kuhusu leseni yake.

Ilianza Korea Kusini kwa jina la Plastic. Mwaka 2005 ikatolewa kama StarUML chini ya leseni ya GPL yenye marekebisho kidogo, leseni ya programu huria inayoruhusu yeyote kuutumia msimbo na kuubadili. Mimi niliposoma GPL nilielewa "bure", basi. Miaka michache baadaye, nikiwa kazini, nikataka kurekebisha jambo dogo lililokuwa likinisumbua, nikapakua msimbo wake. Hapo ndipo nilipokwama. Msimbo umeandikwa kwa Delphi, zana ya kuundia programu, na Delphi nayo wakati ule ilikuwa ya kununua. Tena ndani yake kuna vijenzi, yaani vipande vya programu vilivyo tayari, vya kampuni nyingine, navyo vya kununua. Ruhusa ya kuibadili ninayo mkononi, lakini ili niijenge tu inabidi nilipe kwingine kwanza. Na inaendeshwa kwenye Windows peke yake. Sasa mtu wa kujitolea kuiendeleza atatoka wapi? Wapo waliojaribu: WhiteStarUML ni tawi lililoendeleza msimbo ule wa zamani na kupunguza utegemezi wa vijenzi vya kununua. Nawaheshimu sana, maana kazi ile si ndogo. StarUML yenyewe ilikaa miaka mingi bila toleo jipya la maana.

Mwaka 2014 likaja toleo la 2, la kampuni ya MKLab, limeandikwa upya kutoka mwanzo, linafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Leseni: ya kibiashara. Wenzangu kadhaa waliona kama wamenyang'anywa kitu. Mimi sikubaliani nao. Ile nakala ya GPL bado ni yetu, na hakuna anayeweza kuifuta leseni iliyokwisha kutolewa. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna mtu anayelipwa kuitunza. Niliijaribu, kisha nikalipa kwa fedha yangu, na kwa kazi ya kila siku sijajuta: michoro inapangika vizuri, na mteja anaielewa mnapokaa mezani.

Njia ya kinyume nayo ipo. Modelio ya kampuni ya Softeam, Ufaransa, inatokana na Objecteering iliyokuwa ya biashara, na mwaka 2011 kiini chake kikafunguliwa kwa GPL. Ni chombo kipana kuliko ninavyohitaji. Kwa mtu anayesanifu mifumo mikubwa ningemwambia akiangalie. Kwa mradi wa watu watatu ni kizito.

Kilichoniumiza zaidi hakikuwa bei, yalikuwa mafaili. Kuna wakati niliamua kuhamisha michoro yote ya zamani kwenda chombo kingine kwa kutumia XMI, ule muundo wa kubadilishana modeli. Majina ya madarasa (aina za vitu ndani ya mfumo, kama Mteja au Dawa) yalifika, sifa zake zikafika, uhusiano ukafika. Michoro yenyewe haikufika. Nilifungua nikakuta orodha ndefu upande wa kushoto na ukurasa mweupe upande wa kulia. Kosa lilikuwa langu, sikujaribu kwanza na faili moja. Nilitumia wikendi mbili kuvipanga visanduku upya, kimoja kimoja.

Tangu hapo, michoro ninayotaka idumu naiandika kwa PlantUML. Ni programu huria, na mchoro wake ni maandishi matupu:

Mteja "1" --> "*" Agizo

Mstari huo unatosha kusema mteja mmoja ana maagizo mengi. Naihifadhi kwenye git, mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya mafaili, pamoja na msimbo, na mwenzangu akibadilisha kitu naona ni mstari gani. Udhaifu wake ni kwamba huchagui kisanduku kikae wapi. Mchoro wa madarasa unapangwa na Graphviz, programu inayopanga visanduku yenyewe, na ukizidi madarasa ishirini mistari hupishana mpaka macho yanauma. Kwa hiyo mbele ya mteja bado nafungua StarUML.

Wanafunzi wanaoniuliza watumie ipi nawaambia waanze na PlantUML, na wakipata kipato StarUML inastahili kununuliwa. Ila kabla sijalipa ile yangu nilifanya jambo moja: nilihifadhi mchoro mdogo, nikaichukua faili yake ya .mdj, nikaifungua kwa Notepad. Ni JSON, maandishi ya kawaida ambayo mtu anaweza kuyasoma. Nikashuka taratibu na mistari yake mpaka nikaliona neno Dawa, na chini yake tareheYaKuisha, kama nilivyoliandika. Ndipo nikatoa kadi.