Uzoefu wangu na Dungeon Master's Guide ya 2024: hesabu imekuwa nyepesi, Goblin wamebaki walewale

Nimeendesha D&D (Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu) kwa kitabu cha 2014 na sasa kwa kile cha 2024. Hapa napima jambo moja tu: je, kitabu kipya kinamwambia DM (Dungeon Master, anayeongoza mchezo) kama pambano litakitoa kikosi cha wachezaji jasho au litakimaliza kabisa? Ramani, hazina na mengine yaliyojaa kurasa 384 nawaachia wengine.

Kwa kifupi, kuanzia ngazi ya 5 (ngazi hupanda kadiri mhusika anavyokomaa) natumia hesabu ya 2024 na sijutii. Kwa ngazi ya 1 na ya 2 bado nafungua kitabu cha zamani, na sababu zake zinahesabika.

Njia ya 2014 ilikuwa hivi. Kila dubwana ana CR, yaani kiwango chake cha ugumu, na kila CR ina XP zake, yaani pointi za uzoefu: CR 1/4 ni 50, CR 1/2 ni 100, CR 1 ni 200, CR 2 ni 450, CR 5 ni 1,800. Unajumlisha XP, kisha unazidisha kulingana na idadi yao: wawili kwa 1.5, watatu hadi sita kwa 2, saba hadi kumi kwa 2.5, kumi na mmoja hadi kumi na wanne kwa 3, kumi na watano na kuendelea kwa 4. Kikosi kikiwa na watu chini ya watatu unapanda kizidisho kimoja, kikiwa na sita au zaidi unashuka kimoja. Hapo ndipo unalinganisha na viwango vinne: rahisi, wastani, ngumu, ya kuua.

Toleo la 2024 limefuta kizidisho. Kila mchezaji anakupa bajeti ya hatari ya chini, ya wastani au ya juu: 50, 75 na 100 kwa ngazi ya 1, 500, 750 na 1,100 kwa ngazi ya 5. Zidisha kwa idadi ya wachezaji, halafu chagua madubwana mpaka bajeti iishe. Huhitaji hata kikokotoo, na kwa DM anayepanga pambano huku wachezaji wanamsubiri, hilo si jambo dogo.

Sasa chukua Goblin wanne, madubwana wadogo wa CR 1/4, dhidi ya wachezaji wanne wa ngazi ya 1. Kwa 2014: 50 mara 4 ni 200, mara kizidisho cha 2 ni 400. Kiwango cha kuua ni 100 kwa kila mtu, yaani 400. Pambano la kuua. Kwa 2024: XP ni 200, na bajeti ya hatari ya chini ni 50 mara 4, yaani 200. Hatari ya chini! Goblin ni walewale, kikosi ni kilekile, na vitabu viwili vinatoa majibu ya ncha mbili.

Nani yuko sahihi? Hesabu zamu. Goblin wa 2014 anashambulia kwa +4 (nyongeza kwenye dadu) na pigo lake la wastani ni 5.5. Dhidi ya AC 15 (namba ambayo shambulio lazima liifikie ili limpate mtu) anahitaji 11 kwenye dadu ya pande 20, nusu kwa nusu. Wanne wakimwandama mtu mmoja, wastani ni 11 kwa raundi, bila kuhesabu mapigo maradufu, dadu inapotoa 20. Mchawi wa ngazi ya 1 mwenye Constitution (ustahimilivu wa mwili) 14 ana HP, yaani pointi za uhai, 8. Ameanguka kabla zamu yake haijafika. Kitabu kipya kina onyo kuhusu wingi wa madubwana, lakini linaanza pale wanapozidi wawili kwa kila mchezaji. Hapa ni mmoja kwa mmoja, kwa hiyo onyo halikuhusu. Ukipanda hadi ngazi ya 5 tatizo linapungua lenyewe, kwa kuwa uchawi mmoja wa mpira wa moto, wenye pigo la wastani wa 28, unafagia kundi zima la Goblin hata wakifaulu kujikinga. Ndiyo maana kizidisho cha zamani kilikuwa kinatisha bure huko juu.

Kilichonikera zaidi ni kuondolewa kwa jedwali la kutengeneza dubwana wako mwenyewe. La 2014 lilikuwa hivi: angalia HP upate CR ya ulinzi, ipandishe au ishushe hatua moja kwa kila tofauti ya 2 kwenye AC; angalia wastani wa pigo kwa raundi tatu upate CR ya mashambulizi, irekebishe vivyo hivyo kwa nyongeza ya shambulio; kisha chukua wastani wa hizo mbili. Toleo jipya linakufundisha kurekebisha dubwana aliyepo, basi.

Jaribu jedwali hilo kwa Troll wa 2014. HP 84, anajiponya 10 kila raundi, hivyo unaongeza 30 na kupata 114: CR 3. AC yake 15 dhidi ya 13 inayotarajiwa: CR 4. Mashambulizi yake matatu yanafika 29 kwa raundi: CR 4. Nyongeza yake +7 dhidi ya +5: CR 5. Wastani 4.5, unapandishwa hadi 5, na ndivyo ilivyoandikwa kwenye Monster Manual, kitabu cha madubwana. Safi. Ila moto au tindikali vinamzuia asijiponye. Kikosi chenye moto kila raundi kinafuta zile 30, ulinzi unashuka hadi CR 2, na wastani unakuwa 3.5. Dubwana yuleyule ana ugumu wa aina mbili, kulingana na nani amebeba nini.

Ogre ndiye anayeliumbua jedwali. HP 59 na AC 11 zinampa ulinzi wa 1/4. Pigo la 13 kwa +6 linampa 2. Wastani ni CR 1 na kidogo, lakini kitabu kimempa CR 2. Namuunga mkono aliyeandika 2. Pigo moja la 2d8+4 (dadu mbili za pande 8, ongeza 4) likifika 16 linamuua papo hapo mchawi yule wa HP 8, kwa kuwa ziada imefikia HP zake zote. Hiyo ni 15 kati ya 64, takriban asilimia 23 ya mapigo yanayompata. Hakuna uponyaji hapo.

Na kuna madubwana ambao hakuna hesabu inayowaona. Shadow wa CR 1/2 kwenye Monster Manual ya 2014 ana HP 16 tu, lakini kila pigo linakata Strength (nguvu za mwili) kwa 1d4, yaani dadu moja ya pande 4, bila nafasi ya kujikinga, na ikifika sifuri umekufa. Mchawi wa ngazi ya 5 mwenye Strength 8 na HP 32 akipigwa mara tatu kwa wastani wa 9 anabaki na HP 5, yuko wima kwenye karatasi. Lakini uwezekano wa 3d4 kufika 8 ni nusu kamili, kwa hiyo katika nusu ya mechi hizo ameshakufa. Shadow watatu kwa 2014 ni XP 600 baada ya kizidisho, na kiwango rahisi cha kikosi hicho ni 1,000. Pambano halifikii hata rahisi! Mimi humhesabu kila Shadow kama CR 2 endapo yeyote mezani ana Strength ya 10 au chini.

Jambo la mwisho ni mapumziko, yanayorudisha nguvu za kikosi. Kitabu cha 2014 kilidhani mapambano sita hadi nane kwa siku, ya wastani au magumu. Cha 2024 kimeacha makadirio hayo. Kikosi cha wanne wa ngazi ya 5 kilipangiwa XP 14,000 kwa siku, na pambano la kuua linaanzia 4,400. Ukiwapa pambano moja kisha wakalala, wameingia na akiba ya mapambano matatu ya kuua. Wakimfyeka dubwana wako mkuu kwa raundi mbili, usimlaumu CR. Mpe wasaidizi wawili au watatu apate zamu zaidi, au weka mapambano mawili kabla yake.

Kabla hujatoa pesa, pakua SRD 5.2, waraka wa bure wa kanuni, wa 2025, wenye leseni ya Creative Commons. Jedwali la bajeti mpya limo, na madubwana wengi wamo. Jedwali la kutengeneza dubwana halimo, kwa hiyo mwenye kitabu cha 2014 asikiuze.